Kamera Haikai Puani mwa Ndege

Jumapili, 2 Machi

Daraja limekwenda na maji. Mvua ya siku mbili tu, na lile daraja lililokuwa likisifiwa kila kona limekwenda. Kwa hiyo harusi zote za ng'ambo ya mto tulizokubali kupiga picha msimu huu itabidi tuziendee kwa ndege, ile ndogo inayonguruma kama mashine ya kusaga. Kaka amefurahi ajabu. Ameshaanza kuchagua suti.

Studio ni yetu wawili, mimi na kaka yangu. Kamera mbili, lenzi tatu, taa, stendi, na chumba kimoja chenye pazia jeupe. Yeye ndiye mkubwa, ndiye anayezungumza na wateja, ndiye anayechekeshana na akina mama wa mabibi harusi. Picha napiga mimi. Naye hupiga, sisemi hapigi, lakini hupiga vile vilivyo vizuri tayari.

Jioni nimemkuta amepiga magoti sebuleni anabandika karatasi kwenye sanduku la vifaa, pande zote, kwa wino mwekundu: KAMERA. VITU VYA THAMANI. VINAVUNJIKA.

"Kaka, sanduku hilo litakaa wapi ndani ya ndege?"

"Na mizigo mingine. Ndiyo maana naandika, wajue wamebeba nini."

Nikamwambia hao wa kujua ndio ninaowaogopa. Akasema nina roho mbaya, nawadhania watu wizi. Sanduku limebaki na maandishi yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nina hasira hata kalamu inakwaruza.

Kiwanja chenyewe ni banda moja na kaunta moja. Kwa kuwa ndege ni ndogo, haupimwi mzigo tu, unapimwa na wewe. Unapanda mizani na ulichobeba, na mwanamume wa kaunta anasoma kwa sauti hadi walio nje wasikie. "Sabini na tisa! Anayefuata!" Sabini na tisa nikiwa na mwavuli na kamera shingoni, jamani. Nimempa jina hapo hapo: Mizani. Sura kavu, tai fupi, hana salamu.

Sanduku likachukuliwa, likatiwa puani mwa ndege, kwenye kile chumba cha mizigo kilicho mbele kabisa. Tulipotua ng'ambo likatoka la mwisho. Karatasi za kaka zipo, zinang'aa, hata moja haijabanduka. Kufuli ndiyo haipo. Lenzi ndefu haipo. Na kamera ya pili ipo, maana kaka aliipaki lenzi ikiwa imefungwa kwenye kamera, sanduku likaangushwa, shingo ya kamera ikapinda. Hata mwizi kaikataa.

Aliyefanya hivyo simjui, wala sijui ni kiwanja kipi kati ya viwili. Nimeuliza huku, wakanielekeza kule. Kimebaki nilichokuwa nimekivaa: kamera moja na lenzi yake, pamoja na lenzi fupi iliyopona sandukuni.

Jumapili, 9 Machi

Harusi ya jana tumeipiga kwa kamera moja. Mimi napiga, kaka anashika taa, ameingia baridi, hacheki na mtu. Leo tumerudi nyumbani kwake tukagombana mbele ya wifi yangu mpaka mtoto wao mchanga akaamka analia.

"Umewaandikia wezi barua," nikamwambia. "Kilichobaki ni kuwachorea na ramani."

"Ningejuaje?"

"Nilikwambia!"

"Haya, wewe mjuzi, basi nisikilize. Hiyo iliyobaki ikipata hata mkwaruzo, tunafunga. Nina rafiki yangu anakitaka kile chumba aweke mashine ya fotokopi. Tuwe tunatoa nakala za vyeti vya watu, tulale usingizi."

Ningependa kuamini ni hasira. Lakini nilimwona uso. Kaka ameogopa, na akiogopa hafikirii tena, anafunga mlango tu. Sasa mimi nitoe nakala za vyeti? Kutwa nzima nimesimama, mwanga wa kijani unanipita usoni, namuuliza mtu ngapi ngapi? Nitakufa huku natembea. Kazi hii ndiyo ninayoijua na ndiyo ninayoitaka, na siiachii kwa sababu ya karatasi nyekundu za mtu mwingine.

Basi naandika na nasaini: kamera hii haitakaa puani mwa ndege. Wala mkiani. Aje mwenye sare, aje mwenye cheo, ng'o.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Kaka hajanisemesha. Nami sijamsemesha.

Alhamisi, 13 Machi

Wifi kanishangaza. Kaja studio na mtoto mgongoni, kaniangalia napima begi hili na lile, halafu kaniuliza:

"Wifi, unajua kitu gani mwizi hagusi?"

"Kitu gani?"

"Nepi."

Akanitupia begi lake la nepi. La bluu, limechorwa vifaranga, limechakaa kwa kufuliwa. Anasema ameshalisahau sokoni, ameshalisahau hospitali, kila akirudi analikuta palepale, watu wamelikwepa.

Tumelipaki mchana kutwa. Kamera peke yake, lenzi peke yake, nimejifunza kwa machozi. Kila kimoja kimefunikwa mdomo na kuvishwa sweta la mtoto. Betri za akiba ndani ya mkebe, kila moja imezibwa gundi ya karatasi mahali pa chuma zisigusane. Kadi za picha hazikai begini kabisa, nimezishonea mfuko ndani ya sidiria. Halafu nikazunguka maduka ya viatu kuomba vile vipakiti vya chembechembe vya kunyonya unyevu. Muuza viatu mmoja kaniuliza kama ninavila. Juu ya yote tukalaza nepi mbili safi. Wifi alitaka tuweke na moja iliyotumika. Nikamwambia tusizidishe.

Ijumaa, 14 Machi

Kiwanjani, yule mama wa mashine ya eksirei ya mabegi kasimamisha mkanda. Ameona kitu kwenye kioo chake ambacho si maziwa.

"Mtoto yuko wapi?"

Nikafungua, nikainua nepi, nikafunua sweta. "Huyu hapa. Amelala, naomba taratibu."

Hakucheka. "Iwashe."

Nikaiwasha. Betri moja naiweka na chaji kwa ajili hiyo, maana kamera isiyowaka pale inageuka kesi. Ilipotoa mlio wake, mama wa watu akavunjika mbavu, akamwita mwenzake aje amwone mtoto.

Nikafika kwa Mizani.

"Begi hilo puani."

"Lina betri za akiba. Na bango lako linasema betri za akiba abiria akae nazo."

Bango liko nyuma ya kichwa chake. Aligeuka akalisoma kama vile limebandikwa usiku.

"Basi toa betri, begi liende."

"Thubutu!"

Foleni yote ikasogea kusikiliza. Kaka yangu, wa tumbo moja, akajibanza nyuma ya nguzo akasoma tangazo la chanjo.

"Dada, panda mizani," Mizani akasema.

Nikapanda na begi langu kifuani. "Themanini na mbili!"

"Asante. Themanini na mbili, mimi na mwanangu. Bwana aliyenitangulia ni mia na sita na amebeba gazeti. Uzito ni uzito, uwe kwenye begi, uwe tumboni. Au nimekosea?"

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa bwana wa gazeti. Mizani akaandika namba yangu, akasema, "Pita." Nimesafiri begi likiwa mapajani, mkono mmoja juu yake, mpaka tulipotua. Mbele za watu najifanya jabali, lakini niliogopa.

Ijumaa, 21 Machi

Mizani: "Leo tena?" Mimi: "Na wiki ijayo."

Jumamosi, 29 Machi

Kule juu hewani ni baridi, hasa mvua ikinyesha. Ukitua, lile joto la ng'ambo linakupokea, na kamera iliyopoa ukiifungua haraka inatoka jasho kioo kizima, ndani kwa ndani, na maji ndani ya kamera ni msiba. Dawa yake ni kuiacha begini imefungwa mpaka izoee. Ndivyo nifanyavyo kila mara na hakuna aliyewahi kulalamika.

Leo baba wa bibi harusi alitupokea akiwa na haraka zake. Wageni wake wakubwa wamefika, anataka picha sasa hivi, mlangoni, kabla hawajakaa.

"Baba, naomba uniwie radhi. Kamera haijazoea joto. Nipe muda kidogo."

"Haijazoea joto? Imekuwa mgonjwa?"

"Nikiifungua sasa itakuwa mgonjwa kweli, na hutapata picha hata moja."

Alinuna, akaondoka. Wageni wakakaa. Baadaye nikawapiga wakiwa wamekaa, wametulia, wamependeza. Sina ninachojutia.

Kilichoniuma ni kaka. Nilimsikia nyuma ya ukumbi anamwambia yule baba, "Msamehe, mzee, ni mdogo wangu, ana kichwa kigumu, mimi nitazungumza naye." Atazungumza na mimi! Nilimsubiri tutoke nje nikamtolea uvivu.

"Unaniombea msamaha kwa kosa gani?"

"Mteja ni mteja. Wewe unajiona nani?"

"Mpiga picha. Na wewe unajiona nani?"

Akatoa simu mfukoni. Akasema tu kwamba rafiki yake wa fotokopi amepiga simu tena, na kwamba mashine iko tayari, inasubiri chumba.

Ijumaa, 4 Aprili

Lazima niandike hili hata kama linaniuma. Leo mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na mheshimiwa mmoja, suti, wasaidizi, maboksi. Mizani akamwambia maboksi hayaendi. Mheshimiwa akavimba.

"Unajua mimi ni nani?"

"Mia moja na kumi na tatu," Mizani akajibu. "Anayefuata!"

Maboksi yalibaki. Ilipofika zamu yangu nilimsalimia kwa mara ya kwanza, naye akaitikia. Ni mnoko, ndiyo, lakini ni mnoko kwa wote, na huo si unoko wa kudharau.

Jumatano, 9 Aprili

Homa. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 11 Aprili

Kaka ameondoka peke yake. Siwezi hata kusimama, nikisimama ukuta unatembea. Amekuja kuchukua begi kitandani kwangu. Nimemwambia yote: mapajani, usilifungue ukitua, lenzi itoe kabla ya kupanda, betri chaji moja, wakikwambia puani kataa. Anaitikia tu, "Sawa, sawa," anatazama saa. Kaka huyu huyu aliyejibanza nyuma ya nguzo! Mizani akimkazia macho mara moja tu, begi litakwenda puani na shukrani juu.

Nimelia. Wifi kanipa uji, kaniambia, "Wifi, hicho ni chombo tu." Nikamwambia anyamaze, akanyamaza, na uji nikaunywa.

Jumatatu, 14 Aprili

Amerudi. Kaingia chumbani kwangu amechoka, shati limelowa, na begi la vifaranga limefungwa kifuani kwake kwa mkanda wa suruali. Kwa mkanda wa suruali! Suruali yenyewe ameishika kwa mkono.

"Fungua uone," akasema.

Nikafungua. Hakuna hata alama.

"Mizani alisemaje?"

"Alisema puani. Nikamwambia nikirudi kwako bila hili begi zima, bora anitie mimi huko puani." Akakaa chini kwenye sakafu. "Rubani wa kurudi akataka alisogeze tu, alisogeze kidogo, nikamfokea. Nimemfokea rubani! Chooni nimekwenda nalo. Ukumbini nimekula nalo. Hivi wewe unaishi hivi kila wiki?"

"Kila wiki."

"Mbona hukuniambia?"

Nilicheka mpaka homa ikapanda tena. Jamani, nampenda kaka yangu, hata akiwa mpumbavu. Nilikuwa nimesahau kidogo.

Jumamosi, 26 Aprili

Harusi nzuri. Mvua. Nimeshiba.

Ijumaa, 2 Mei

Kaka ndiye aliyepaki leo. Nimekagua. Kapaki vizuri, mshenzi. Kuhusu chumba na fotokopi hajasema lolote, nami sijauliza, naogopa jibu. Imebaki harusi moja, ile kubwa.

Ijumaa, 9 Mei

Ndege ya leo haikuruka, mawingu yamelala juu ya kiwanja. Harusi ni kesho saa nane mchana. Mama wa bibi harusi kapiga simu mara tatu. Mara mbili kuuliza tuko wapi, mara ya tatu kunikumbusha wapiga picha wavae nyeusi na viatu vinavyong'aa, maana hii si harusi ya mchezo. Kaka kanunua suti mpya.

Jumapili, 11 Mei

Jana asubuhi mvua ilipungua, rubani akasema tunajaribu. Lakini kwa hali ile alitaka mafuta ya ziada, ili akishindwa kutua ng'ambo aweze kuturudisha. Mafuta ni uzito. Mizani akatoka nyuma ya kaunta, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, akapita kwa kila abiria na karatasi yake. Wengine walilaani, wengine wakaacha mizigo. Akafika kwetu.

"Nyinyi wawili mpunguze kilo ishirini na tano."

Nikalikumbatia begi. Aliniona.

"Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Ukiacha hilo na stendi na taa, mnapita, na nguo zenu mnaenda nazo. Nitalilinda mwenyewe. Kesho nalileta kwa mkono wangu kwenye ndege ya kwanza."

Na nilimwamini. Angelilinda kuliko mwanawe. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba safari hii hakuna adui wa kumpa vidonge vyake.

"Najua ungelilinda," nikasema. "Lakini harusi ni leo."

"Basi sijui mtapunguza nini."

Nilianza na stendi. Halafu taa, tutatumia mwanga wa Mungu na wa ukumbi. Halafu begi langu la nguo, gauni jeusi, viatu vinavyong'aa, vyote. Nikabaki na suruali ya kazi na fulana niliyolala nayo. Mizani akapima. Bado.

Sikumtazama kaka. Nilijua ndani ya sanduku lake kuna suti mpya, mashati, pafyumu, kiwi na brashi. Nikasikia tu kitu kimewekwa chini, puu, kando ya stendi zangu.

"Pima," kaka akasema.

"Bado kilo tatu."

Kaka akavua koti la mvua. Akakaa kwenye benchi akaanza kufungua kamba za mabuti, yale mazito ya matope.

"Viatu pia?" Mizani akauliza.

"Viatu pia. Kwani harusi inapigwa picha kwa miguu?"

Mizani akapima, akatuandika, na safari hii hakusoma namba kwa sauti. Akasema, "Piteni."

Ndani ya ndege tulitikiswa vibaya. Mwanamke wa nyuma yetu alikuwa anaomba kwa sauti na mimi nikawa naitikia. Nililibana begi mapajani kwa mikono miwili, kaka akaweka na yake juu. Akanisogelea sikioni kupita kelele za injini.

"Nimemwambia yule jamaa mashine yake aitafutie chumba kingine."

"Lini?"

"Tangu Aprili. Niliona aibu kukwambia."

Ningemzaba kofi, ila mikono ilikuwa na kazi.

Tulitua kwenye tope. Kutoka kwenye ndege mpaka barabarani kaka alitembea pekupeku, suruali ameikunja, na mimi nimelibeba begi la vifaranga juu ya kichwa. Hatukuwa na muda wa kuoga. Tuliingia ukumbini kupitia mlango mkubwa kwa sababu mwingine hatukuujua, na katika ule ukumbi mweupe, maua meupe, vitambaa vyeupe, kila kichwa kiligeuka. Muziki haukuzimwa, lakini nahisi ulitaka.

Mama wa bibi harusi akatujia, amevaa dhahabu mpaka kiwikoni. Alianza na uso wangu, akashuka kwenye fulana, akahamia kwa kaka, akashuka mpaka vidoleni. Tope lilikuwa limeshaanza kukauka.

"Nyie! Ndio mmekujaje harusini kwangu hivi?"

Kaka alikohoa. Nakijua kile kikohozi. Ndicho anachoanzia kuomba msamaha, na nikajiandaa kumkanyaga, na mimi nilikuwa na viatu.

"Tumekuja na kamera, mama," akasema kaka. Msamaha hakuomba.

Nikalitua begi juu ya meza nyeupe, katikati ya maua. Sikulifungua. Nikamwambia mama yule tunangoja kidogo izoee joto, na hakuna wa kutuharakisha, tumeacha kila kitu ili ifike. Watu wakasogea kutazama. Wakati ulipofika nikatoa nepi ya kwanza, nikatoa nepi ya pili, mtu akaguna, nikavua masweta, nikafunga lenzi, nikachomoa kadi ninapoziwekaga mbele ya ukumbi mzima bila kuona haya, nikaiwasha. Kioo kikavu. Kisafi.

Mama wa bibi harusi alikuwa bado amesimama mbele yangu. Alitazama kamera, akatazama tena miguu ya kaka, akashusha pumzi ndefu. Kisha akanyoosha mgongo, akaweka bangili zake sawa, akainua kidevu.

"Haya," akasema. "Piga."

Nikapiga.